Yale Makombora ya Mombasa Yalifika Hadi Thika

Wasee, wiki hii nimefuta video. Wale mnanifuata kitambo mnajua mimi si mtu wa kufuta. Hata ile niliyoteleza nikaingia kwa mtaro hapa Kimbo nikiwa laivu bado iko pale, na bado mnaicheka. Lakini hii nimeitoa, na inboksi imejaa watu wanauliza kama nimetishwa na serikali. Sijatishwa na mtu. Niliambiwa kitu na mathe, na tangu siku hiyo siwezi kuiangalia ile video bila kuona aibu.

Video yenyewe ilikuwa ya sekunde 40 tu. Nilichukua klipu za vita vya Ukraine, zile za askari amebeba bomba refu begani, anaelekeza juu, moshi unatoka, na kule mbali helikopta inashika moto. Nikaweka biti nzito chini, nikaandika juu yake: "Kitu ya kilo 15 imeshusha chuma ya mamilioni." Manze, ilienda. Mimi hurekodi juu ya paa la ploti Ruiru, katikati ya kamba za nguo za majirani, na simu yenye kioo kimepasuka. Sijawahi kuona namba kama zile. Nilishika simu usiku kucha nikiangalia zikipanda.

Halafu watu wakaanza kuandika chini. Mnajua vile mambo yako wakati huu wa siasa. Leo chopa inatua uwanja wa Thika, kesho inatua Ruiru, vumbi lote linaingia kwa sufuria ya mama wa githeri, mheshimiwa anaongea dakika kumi anaondoka. Sasa jamaa mmoja akaandika kwamba tukipata hata moja ya hizo hapa Ruiru, wanasiasa wote wataanza kupanda matatu kama sisi. Laiki zikamiminika. Mimi nikaibandika ikae ya kwanza, nikaweka na emoji tatu za kucheka.

Jumapili nikaenda Thika kumwona mathe, Makongeni. Nilipata dadangu mdogo ameshamwonyesha video. Nilidhani atanipongeza, kwa sababu yeye huniuliza kila mara hii kazi yangu ya simu italeta chakula lini. Aliniwekea chai, akakaa, akaniuliza polepole:

"Baba, hiyo kitu unajua ni nini?"

"Ni kombora, mathe. La kutungua ndege."

"Hata mimi najua ni kombora. Nakuuliza kama unajua lilitufanya nini."

Nikanyamaza. Akanieleza. Mwaka wa 2003 mimi nilikuwa sijafikisha miaka miwili. Yeye alikuwa kibarua kwa shamba moja la maua nje ya Thika, anapanga waridi kwa urefu na kufunga mafungu. Kulipwa ilikuwa kwa siku. Hukuitwa, hukulipwa. Mwezi wa tano mwaka huo msimamizi akawakusanya asubuhi moja akawaambia ndege za Uingereza zimeacha kuja, mizigo imepungua, kwa hivyo vibarua watakuja kwa zamu, siku tatu kwa wiki badala ya sita. Mathe alikuwa anatembea kwenda kazini ili asitoe nauli, na mimi nilikuwa nakunywa uji mweupe asubuhi na jioni. Wenzake wawili hawakuitwa tena kabisa.

"Mimi Mombasa sijawahi kufika hadi leo," akaniambia. "Hiyo roketi sikuiona. Lakini hiyo ndiyo ilinipunguzia siku za kazi, nawe unaiwekea ngoma."

Nilirudi Ruiru jioni, nikakaa dirishani. Kuanzia Witeithie mpaka Juja sikuongea na mtu. Nilipofika kwa keja nikanunua bando, nikaanza kusoma kitu ambacho ningesoma kabla ya kuposti. Sasa leo nataka tuongee kuhusu kile nilichopata, halafu niwaambie msimamo wangu. Ni ndefu kidogo, vumilieni.

Alhamisi, tarehe 28 Novemba 2002. Ilikuwa imebaki karibu mwezi mmoja tu tupige ile kura ya kumtoa Moi na kumwingiza Kibaki. Asubuhi hiyo ndege ya kampuni ya Arkia ya Israeli, Boeing 757, ilipaa kutoka uwanja wa Moi pale Mombasa kuelekea Tel Aviv. Ndani kulikuwa na abiria 261 na wahudumu 10. Ikiwa ndiyo inapanda, makombora mawili yakafyatuliwa kutoka ardhini. Yalikuwa ya aina ya Strela-2, ya kubebwa begani. Yote mawili yakapita kando. Ndege ikaendelea na safari, ikatua Tel Aviv salama, hakuna hata mtu mmoja aliyechubuka.

Asubuhi hiyo hiyo, kule Kikambala, gari lililojaa vilipuzi liliingizwa kwa nguvu kwenye hoteli ya Paradise. Waliokufa, ukiwaacha washambuliaji wenyewe, ni Wakenya 10 na Waisraeli 3. Baadhi ya hao Wakenya walikuwa wachezaji ngoma waliokuwa wamesimama pale kuwakaribisha wageni. Fikiria tu. Umeamka asubuhi, umevaa hando, umeenda kazini kucheza ngoma. Al-Qaeda ikasema ni wao waliofanya yote mawili. Mwaka wa 2005 mahakama Nairobi iliwaachilia watu waliokuwa wameshtakiwa kwa mauaji hayo, kwa sababu ushahidi haukutosha. Wawili waliotajwa sana, Saleh Ali Saleh Nabhan na Fazul Abdullah Mohammed, waliuawa Somalia, mmoja mwaka wa 2009 na mwingine 2011. Hawakuwahi kusimama mbele ya hakimu.

Shuleni, kama ulifundishwa hii stori kabisa, uliambiwa hivi: bomu liliua, makombora yalikosa. Ukifunga kitabu unashukuru Mungu, unaendelea. Mimi pia nilikuwa nafikiria hivyo. Sasa angalia kalenda. Mei 2003, Uingereza ikasimamisha ndege zake zote za kuja Kenya, ikihofia magaidi watajaribu tena. British Airways ikakaa nje karibu wiki sita. Watalii walikuwa tayari wameanza kuogopa Pwani. Na hizo ndege za abiria, chini ya viti kuna nafasi ya mizigo. Ua la waridi halingoji. Ukilikata leo Thika, linafaa liwe Ulaya kesho au kesho kutwa, la sivyo limekuwa takataka. Mishiri vilevile. Kwa hivyo makombora yalikosa ndege, sawa, lakini hofu yake ilishuka polepole hadi ikafika kwa mtu anayelipwa kwa siku, ambaye hajawahi hata kupanda ndege.

Hiyo ndiyo hoja yangu kubwa leo. Hii silaha haihitaji kupata shabaha ndiyo iumize watu. Ikishafyatuliwa tu kando ya uwanja wa ndege wa nchi maskini, imeshafanya kazi yake.

Hebu sasa niwaeleze hiki kitu chenyewe ni nini, kwa sababu nilikuwa nakiposti bila kukijua.

Wazo ni la zamani. Mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani walikuwa wanapigwa sana na ndege zinazoruka chini, wakatengeneza kitu kinaitwa Fliegerfaust, mirija tisa ya roketi ndogo inayobebwa begani. Zile roketi zilikuwa vipofu, zinaenda tu mahali ulipoelekeza. Miaka ya 1950 na 1960, Wamarekani na Wasovieti wakaanza kuliwekea kombora jicho. Jicho hilo halioni sura ya ndege, linaona joto. Injini ya ndege ni moto unaoruka, na kombora linafuata ule moto. La Wamarekani wakaliita Redeye, jicho jekundu. La Wasovieti likaitwa Strela, maana yake mshale, na likaingia jeshini mwaka wa 1968. Ukijumlisha kombora na bomba lake, uzito ni karibu kilo 15. Ni kama mtungi wako wa gesi wa kilo 6 ukitoka kuujaza.

Hayo ya kwanza yalikuwa na udhaifu. Jicho lao lilikuwa linaona tu joto linalotoka nyuma ya injini, kwa hivyo ilibidi ndege ikupite kwanza, yaani iwe imeshakuangushia mabomu, ndiyo uifuate kwa mgongo. Misri ilianza kuyatumia dhidi ya ndege za Israeli mwaka wa 1969, na mwaka wa 1972 yakaonekana Vietnam. Marubani nao wakajifunza. Wakaanza kumwaga fataki zenye joto kali nyuma yao, kombora linadanganyika linafuata fataki. Waliolitengeneza wakarudi mezani. Wakalipoza jicho kwa gesi ili lione vizuri zaidi, hata joto la mbele na la ubavuni. Hapo ndipo Stinger ya Wamarekani ilipokuja mwaka wa 1981, jina lake kama mwiba wa nyuki, na Wasovieti wakaja na Igla, yaani sindano. Baadaye yakafundishwa kutofautisha fataki na injini. Waingereza wao wakaacha habari ya joto kabisa, Starstreak yao inafuata mwale wa leza ambao mpigaji anauelekeza kwa ndege, na huo huwezi kuudanganya kwa fataki.

Mshale, mwiba, sindano. Majina ni ya vitu vidogo vya nyumbani. Na hapo ndipo sisi vijana tunanaswa, kwa sababu stori yake ni tamu: mdogo amemwangusha mkubwa. Ni Daudi na Goliathi. Afghanistan, Septemba 1986, wapiganaji wa milimani waliopewa Stinger na Marekani walianza kuangusha helikopta za Wasovieti karibu na Jalalabad. Ukraine mwaka wa 2022, silaha za namna hii zilisaidia kuzuia ndege za Urusi kuruka chini juu ya miji. Sitadanganya niseme hazikusaidia. Mtu anayevamiwa nyumbani kwake ana haki ya kujitetea, na askari akiwa na hicho kitu chini ya jeshi lenye amri na orodha ya silaha, hilo ni jambo lingine. Wale mtakaonijia na hoja ya Ukraine, nimewasikia mapema.

Lakini sisi hatukai Ukraine. Hebu tuangalie hapa kwetu rekodi yake ikoje.

Kigali, jioni ya tarehe 6 Aprili 1994. Ndege ndogo aina ya Falcon 50 inakuja kutua, ndani yake rais wa Rwanda Juvénal Habyarimana na rais wa Burundi Cyprien Ntaryamira. Makombora yakaitungua, wote waliokuwemo wakafa. Nani alifyatua, watu wanabishana hadi leo. Wasiobishana ni makaburi. Wale waliokuwa wamepanga mauaji ya kimbari walikuwa wanangoja sababu, wakaipata usiku ule ule, na kwa siku mia moja hivi watu zaidi ya laki nane wakauawa, wengi wao Watutsi.

Kindu, mashariki mwa Kongo, tarehe 10 Oktoba 1998. Boeing 727 ya shirika la Kongo ikatunguliwa na waasi. Watu 41 wakafa. Waasi wakasema imebeba wanajeshi, serikali ikasema ni raia. Jicho la kombora linaona joto peke yake. Haliangalii tiketi ya mtu wala kazi yake.

Mogadishu, tarehe 23 Machi 2007. Ndege ya mizigo aina ya Ilyushin, iliyokuwa inahudumia kikosi cha amani cha Umoja wa Afrika, ikaangushwa ikiwa ndiyo imepaa. Watu 11 walikufa, raia wa Belarus, wakiwemo mafundi waliokuwa wamekuja kushughulikia ndege nyingine iliyoharibika wiki mbili kabla. Watu wa spana.

Sasa niambie, Goliathi ako wapi hapo? Mimi naona marais wawili ambao kifo chao kilifungua mlango wa kuzimu, naona abiria, naona mafundi. Na Mombasa naona familia zilizokuwa zinarudi nyumbani kutoka likizo. Nimejaribu kutafuta katika ukanda wetu mahali ambapo hiki kitu kilimsaidia mnyonge. Sijapata.

Kuna jambo la pili lililonishtua, na ndilo linafanya nione hii si historia ya wazee. Hizi silaha hazizeeki haraka. Yale makombora ya Mombasa yalitengenezwa Umoja wa Sovieti miaka ya 1970. Ripoti ya wachunguzi wa Umoja wa Mataifa ya mwaka wa 2003 ilionyesha yalipitia Yemen, yakaingia Somalia, halafu yakaletwa Kenya. Yaani mtu alitengeneza kitu kabla mathe hajaanza shule, nchi iliyokitengeneza ikavunjika mwaka wa 1991, kikaendelea kutembea bandari kwa bandari, kikafika Changamwe. Afghanistan vilevile: Wasovieti walipoondoka mwaka wa 1989, CIA ilibaki inazunguka na pesa ikijaribu kununua tena zile Stinger ilizogawa bure. Libya, Gaddafi alipoanguka mwaka wa 2011, maafisa wa Marekani walikadiria alikuwa amenunua karibu makombora 20,000 ya begani miaka yake yote. Maghala yakabaki wazi. Ukigawa silaha kwa vita ya leo, hujui itasimama kwa mlango wa nani miaka ishirini ijayo.

Najua kuna msee ameshaanza kuandika: si tufunge mashine kwa ndege? Baada ya Mombasa, Israeli ilifanya hivyo, ikafunga ndege zake za abiria vifaa vya kuvuruga kombora, kwanza vya fataki, halafu vya leza. Wao wanaweza. Taasisi ya RAND ilipiga hesabu mwaka wa 2005 kuhusu ndege za abiria za Marekani, ikapata kufunga tu kungegharimu karibu dola bilioni 11, kabla hujafika kwa gharama ya kuvitunza kila mwaka. Marekani yenyewe iliangalia hiyo bei ikakohoa. Sasa sisi, ambao barabara ya mtaa wangu hapa Kimbo ikinyesha unavua viatu?

Dawa yetu ni ya bei nafuu lakini inataka kazi. Kombora ambalo halijatoka kwa ghala huhitaji leza kulizuia. Aprili 2004, mwaka mmoja na nusu tu baada ya Kikambala, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi. Na ukisoma maana ya silaha nyepesi mle ndani, mitambo ya kubebeka ya kufyatulia makombora ya ndege imetajwa. Nchi ziliahidi kutia alama silaha zao, kuweka rekodi, kuharibu za ziada, kupashana habari. Kuna hata ofisi ya kanda ya kusimamia hayo, RECSA, na makao yake yako Nairobi, mwendo wa matatu moja kutoka hapa. Lini mara ya mwisho ulimsikia mbunge wako akiuliza swali kuhusu hiyo itifaki? Sisi je, lini tuliuliza? Tunauliza nani alipewa chopa na nani. Hatuulizi ni silaha ngapi ziko kwa maghala ya majirani wetu na nani anazihesabu.

Na kuna kitu kingine kisicho na bei: watu wa mtaani kuamini kwamba wakiona jambo wakasema, watasikizwa na hawatageuzwa washukiwa. Watu waliofyatua yale makombora hawakushuka kutoka mwezini. Walipita kwa barabara, walikula mahali, walilala mahali. Lakini baada ya Kikambala, polisi waliingia nyumba za watu Pwani, wakakamata huyu na yule, na vijana wengi wa Kiislamu wakaona wanahesabiwa wahalifu kwa sababu ya jina tu. Ukimtendea jirani hivyo, wakati mwingine akiona kitu atafunga dirisha. Huo si usalama. Huko ni kuwasaidia wale wale unaowatafuta.

Sasa nirudi kwa ile komenti ya chopa, kwa sababu hapo ndipo nilikosea zaidi, na mtu wa kulaumiwa ni mimi, si jamaa aliyeandika. Yeye alikuwa anatania. Mimi ndiye niliibandika juu.

Naelewa hasira. Kila mtu hapa Kiambu anaielewa. Unaona mtu anatua kwa chopa kuja kukuambia uvumilie bei ya unga. Lakini chopa ina rubani. Huyo ni mtoto wa mtu, labda alisomeshwa na mathe kama wangu, analipwa kwa safari. Chini ya chopa kuna nani? Kama ni Thika, kuna wauzaji wa mitumba, kuna watoto waliokimbia kuitazama kwa sababu watoto hukimbia kutazama chopa. Ikianguka, inaangukia hao. Na kesho yake shughuli zitafungwa, vizuizi vitawekwa kila mahali, na watakaolala ndani ni vijana wa Kimbo na Kiandutu. Mheshimiwa mwingine atapata gari la kuzuia risasi na mlinzi wa ziada kwa pesa ya kodi yako. Kwa hivyo hata kama utani, tufikirie hadi mwisho wa utani.

Kama chopa inakukera, nayo inanikera, tuko na njia. Ikitua Ruiru, toa simu, rekodi, muulize mheshimiwa imelipwa na nani na mtaro wetu umefika wapi. Hiyo video nitaisambaza mimi mwenyewe bure. Mwaka wa 2002, mwezi mmoja tu baada ya Kikambala, watu walipanga foleni wakamaliza utawala wa miaka 24 kwa karatasi, hakuna hata risasi. Mathe alikuwa kwa hiyo foleni, mimi nikiwa mgongoni.

Wakreta wenzangu, hasa wale tunashinda tukikata klipu za vita na kuziwekea biti. Sisemi tusiongee vita. Ongea. Lakini ile klipu ukiikata pale moshi unapotoka, umekata pia kila kitu kinachofuata: nani alikuwa ndani, ilianguka wapi, nani alilala njaa mwezi wa sita. Mimi nilikata, na nililipwa. Pesa ya hiyo video ilikuwa shilingi elfu saba na kitu. Nilimtumia mathe yote. Akairudisha, akaniambia ninunue kioo cha simu.

Nimeinunua. Jana jioni nilipanda juu ya paa kuijaribu. Kulikuwa na ndege moja imepita upande wa Juja, taa zinawaka, iko chini kidogo, labda inaenda kutua. Kwa miaka yote nimekaa hapa nimekuwa nikiangalia ndege na kufikiria ni lini nitapanda. Jana nilifikiria tu waridi zilizo chini ya viti, na mtu fulani nje ya Thika ambaye kesho ataitwa kazini kwa sababu hiyo ndege imefika.

Video mpya itakuja wiki ijayo, mathe amekubali kuongea ila hataki uso wake uonekane. Kama mzazi wako au jirani alikuwa anafanya kazi kwa maua, kwa hoteli za Pwani au pale uwanja wa ndege mwaka huo wa 2003, muulize ilikuwaje, halafu uniandikie. Kwa heshima tu, tafadhali. Hawa ni wazazi wetu.